Mkono Umejeruhiwa Mashine Ikitengenezwa: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Katika viwanda na karakana za Nairobi, kuanzia Industrial Area na Baba Dogo hadi vibanda vya Kamukunji, Gikomba na Kariobangi Light Industries, fundi anapokatwa kidole akitengeneza mashine, neno la kwanza linaloandikwa kwenye kitabu cha ajali, ikiwa kitabu hicho kipo, ni kwamba alikuwa mzembe. Maelezo hayo humaliza uchunguzi kabla haujaanza. Mota ikiunguza fyuzi kila wiki, hakuna anayeridhika kusema kwamba fyuzi ilikosa umakini. Mota hufunguliwa, ikapimwa, na chanzo kikatafutwa mpaka kikapatikana. Mkono wa mtu unastahili angalau uchunguzi wa kiwango hicho.

Mwongozo huu ni wa fundi wa matengenezo, msimamizi wa zamu na mwenye karakana. Kila sehemu inaanza na kile kilichoonekana siku ya ajali, au siku ambayo mtu aliponea chupuchupu, kisha inafuatilia vyanzo vinavyoweza kuwa nyuma yake na namna ya kuvithibitisha. Tukio la kuponea chupuchupu lichunguzwe kwa uzito uleule, kwa sababu chanzo ni kimoja na tofauti ni sentimita chache.

Kabla ya dalili zenyewe, ni vizuri kuelewa kwa nini saa ya matengenezo ni ya hatari kuliko saa ya uzalishaji. Mwendeshaji wa kawaida hufanya kazi mikono yake ikiwa nje ya mashine na kava zikiwa zimefungwa. Fundi amezitoa kava, mikono yake imo ndani kati ya puli na mkanda, kati ya roli mbili au chini ya kisu, na mara nyingi mashine ingali imeunganishwa na umeme. Mota ya kawaida ya nguzo nne za sumaku, kwenye umeme wetu wa hezi 50, huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kila sekunde. Ikiwa puli yake ina kipenyo cha milimita 100, mkanda hukimbia kwa kasi ya karibu mita 7.5 kwa sekunde. Mtu aliyeshtuka huhitaji takriban robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kuitikia, na katika muda huo mkanda umeshasafiri karibu mita mbili. Ndiyo maana kumwambia fundi awe mwangalifu hakumkingi na kitu chochote mara sehemu hizo zinapoanza kwenda.

Dalili: mashine imejiwasha yenyewe, mkono ukiwa ndani

Anayesimulia ajali ya aina hii huapa kwamba hakuna aliyegusa swichi, na mara nyingi anasema kweli. Hata hivyo ipo njia ambayo umeme umepitia, na njia hizo zinahesabika.

Ya kwanza ni stima kupotea na kurudi. Tuchukue karakana ya mbao yenye msumeno wa mviringo. Msumeno unakata ubao, stima inapotea, diski inapunguza mwendo mpaka inasimama, na ubao unabaki umebanwa katikati. Swichi iliyo ubavuni mwa meza ni ile ya kawaida ya kubofya juu na chini, nayo imebaki palepale ilipokuwa, upande wa kuwasha. Fundi anainua kava ya diski, anaushika ubao kwa mikono yote miwili, kimoja cha viganja vyake kikiwa upande wa pili wa meno, na anauyumbisha ili utoke. Anachokitegemea kujua kwamba pako salama ni ule ukimya wa mota tu, na ukimya huo utakatika wakati wowote stima itakaporudi mtaani. Kumkumbusha fundi azime swichi kila stima inapopotea kunasaidia kidogo. Dawa ya kudumu ni kuiondoa swichi hiyo na kufunga stata, yaani kiwashio cha mota, yenye kontakta, swichi inayoshikiliwa na umeme wenyewe, ambayo huachia umeme unapopotea na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Kuthibitisha ni rahisi: washa mashine ikiwa tupu na kila mtu akiwa mbali nayo, kata umeme kwenye aisoleta (swichi inayoitenga mashine na umeme wote), subiri isimame kabisa, kisha rudisha umeme. Ikianza kuzunguka bila kuguswa, umepata chanzo, na mashine hiyo isitumike mpaka ibadilishwe.

Ya pili ni jenereta. Viwanda vyenye jenereta ya akiba inayojiwasha vina hatari ya ziada, kwa kuwa mafundi huzoea kutumia nafasi ya kukatika kwa umeme kufanya ukarabati mdogo, kubana mkanda au kusafisha roli, wakidhani hakuna umeme ndani ya jengo. Sekunde chache baadaye jenereta inabeba mzigo na mashine zinapata umeme. Kukatika kwa stima kusihesabiwe kamwe kuwa njia ya kuizima mashine kwa ajili ya matengenezo.

Ya tatu inawapita hata mafundi wazoefu. Mota nyingi ndogo za fezi moja zina kifaa cha ndani kinachokata umeme mota inapopata joto kupita kiasi, na baadhi ya vifaa hivyo hujirudisha vyenyewe mota ikipoa. Mota inasimama, mtu anadhani imeungua, anafungua kava na kuanza kuchunguza mkanda. Dakika kadhaa zinapita, joto linashuka, na mota inaanza tena kwa nguvu zake zote. Mashine ikisimama ghafla huku nyumba ya mota ikiwa ya moto sana, chukulia kwamba itarudi yenyewe. Pia angalia ovalodi kwenye stata, vifaa vinavyokata umeme mota inapozidiwa na mzigo: nyingi huweza kuwekwa zijirudishe zenyewe au zirudishwe kwa mkono, na kwenye mashine inayoweza kumshika mtu, ziwekwe zirudishwe kwa mkono.

Ya nne ni amri inayotoka kwenye mashine yenyewe. Kompresa ya hewa huwa na swichi ya presha: hewa ikipungua kwenye tangi, mota inaanza. Anayeondoa wavu wa mkanda wa kompresa iliyonyamaza, bila kuikatia umeme, anaingiza mkono kwenye mashine inayongoja tu mtu mwingine atumie hewa upande wa pili wa karakana. Taima na sensa za macho kwenye mashine za kupakia bidhaa hufanya vivyo hivyo. Fundi anapoondoa katoni iliyokwama mbele ya sensa, anaipa mashine ruhusa ya kuendelea.

Ya tano ni mtu mwingine, mwendeshaji aliyerudi kutoka chai au msimamizi anayetaka kujua kama kazi imekwisha, akabonyeza kitufe bila kumwona aliye nyuma ya mashine.

Vyanzo hivi vitano vina tiba moja, na inagharimu bei ya kufuli. Zima mashine kwa njia ya kawaida, kisha kata umeme kwenye aisoleta yake au swichi kuu inayoilisha, funga aisoleta hiyo kwa kufuli na utie ufunguo mfukoni mwako. Ning'iniza kadi yenye jina lako na tarehe. Wakiwa mafundi watatu, kufuli ziwe tatu, kila mmoja na yake, na hakuna anayemfungulia mwenzake. Baada ya kufunga, rudi kwenye mashine ubonyeze kitufe cha kuwashia. Isipoitika, umehakikisha kwamba aisoleta uliyoifunga ndiyo yenyewe wala si ya mashine ya jirani, kosa linalotokea mara nyingi pale ambapo nyaya zimeongezwa mwaka baada ya mwaka bila kuandikwa. Ukitaka kugusa sehemu za umeme, pima kwa mita, na mita hiyo uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kabla na baada ya kupima. Bisibisi yenye taa haitoshi kuaminiwa. Mashine ya plagi ichomolewe, na plagi ikae mahali ambapo aliyeichomoa anaiona wakati wote.

Kitufe chekundu cha dharura hakichukui nafasi ya hatua hizi. Kwa kawaida hukata umeme wa udhibiti tu, ule unaoshikilia kontakta, na umeme mkubwa hubaki umefika mpaka kwenye stata. Kontakta ikiganda au waya wa udhibiti ukigusana na mwingine, mota hupata umeme hata kitufe kikiwa kimebonyezwa.

Dalili: mota inanguruma lakini haizunguki

Hapa ajali hutokea kwa nia njema kabisa. Kinu cha posho kinawashwa asubuhi, foleni ya wateja wenye debe za mahindi imeshaanza, na mota inatoa sauti nzito bila kusogea. Mwenye kinu anajua namna ya kuiamsha: anashika mkanda na kuuvuta kidogo. Mota inapata mwanzo, inaondoka, na mkanda unavipeleka vidole kwenye puli. Kwa fundi mwenye bahati mbinu hii hufaulu mara nyingi kiasi cha kumfanya aione kuwa ujuzi.

Kwenye mota ya fezi moja, chanzo mara nyingi ni kapasita ya kuwashia iliyokufa au swichi ya ndani ambayo haigusi tena vizuri. Kwenye mota ya fezi tatu, tazama kama fezi moja imepotea, ama kwa fyuzi iliyoungua, ama kwa waya uliolegea kwenye kontakta, ama kwa hitilafu ya mtandao wa nje. Vyanzo vingine ni beringi iliyoshika na mzigo uliokwama. Katika hali zote hizi hatua ya kwanza ni moja: zima, kata umeme na ufunge. Kisha zungusha puli kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa, ili ujue kama kinachozuia ni cha kimakanika au cha umeme. Kapasita iondolewe chaji kabla ya kuguswa. Kwenye fezi tatu, kifaa kinachokata umeme fezi moja inapopotea kitaiokoa mota pamoja na mkono, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kusuka mota upya. Kapasita nayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya umeme mjini. Hakuna sababu ya kinu kuendeshwa kwa kusukumwa mkanda hata kwa siku moja.

Dalili: umeme ulikatwa na kufungwa, lakini kitu kilisogea

Umeme si nguvu pekee iliyomo ndani ya mashine. Gurudumu zito la presi huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na kwa kuwa halina sauti, linaweza kudhaniwa limesimama. Kichwa cha presi kilichobaki juu kinaweza kushuka kwa uzito wake mwenyewe breki ikilegezwa au paipu ya haidroliki ikifunguliwa. Silinda ya hewa hubaki na presha hata kompresa ikizimwa, na fundi anapoondoa bidhaa iliyokwama, silinda hukamilisha safari yake palepale mkono ulipo. Springi iliyobanwa hufanya hivyo pia. Vidhibiti mwendo vya mota vina kapasita zinazohifadhi volti za hatari kwa dakika kadhaa baada ya umeme kukatwa. Muda wa kungoja huandikwa kwenye kifaa chenyewe, nao ungojwe wote.

Kwa hiyo baada ya kufuli, tembea kuizunguka mashine ukiuliza ni nini kinaweza kuanguka, kusukuma, kufyatuka au kuendelea kuzunguka. Kichwa cha presi kiwekewe gogo la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha mbao kilichookotwa hakifai. Hewa itolewe kupitia vali inayoweza kufungwa kwa kufuli, kisha geji itazamwe mpaka isome sifuri. Visu na diski visubiriwe visimame kwa kuangaliwa kwa macho.

Dalili: jeraha limetokea wakati wa kujaribu, baada ya kazi kwisha

"Washa kidogo nione!" Yeyote aliyefanya kazi karakana anaijua sauti hiyo. Fundi ameinama upande wa mkanda, msaidizi wake yuko kwenye swichi, na kati yao kuna kelele za mashine nyingine tano. Fundi anasema "bado", msaidizi anasikia "haya". Au fundi amesema "washa" akimaanisha igusishwe tu kwa sekunde moja, na msaidizi ameiacha iende.

Chanzo hapa ni kwamba anayewasha hauoni mkono wa aliye ndani, na lugha waliyokubaliana haivumilii kelele. Mashine ikilazimika kuzungushwa wakati wa kurekebisha, kwa mfano kupanga mkanda ukae katikati ya puli au kulinganisha roli, kwanza uliza kama kazi hiyo inaweza kufanywa kwa kuzungusha shafti kwa mkono umeme ukiwa umefungwa. Mara nyingi inawezekana, ingawa inachosha. Isipowezekana, kitufe kiwe mkononi mwa yule ambaye mikono yake iko hatarini, kiwe cha aina ya kushikilia, yaani mashine inakwenda kikiwa kimebonyezwa tu na kusimama kikiachiliwa, na mwendo upunguzwe kadiri mashine inavyoruhusu. Hakuna mkanda unaorudishwa kwenye puli kwa kuuvutisha mota. Legeza mota kwenye reli zake, vika mkanda, kisha kaza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kinga zibaki mahali pake sehemu hatari zinapokuwa kwenye mwendo, na inaacha mwanya mwembamba tu kwa ukaguzi, na kwa kulainisha au kurekebisha kule ambako ukaguzi huo umeonyesha kunahitajika mara moja. Nimeona mwanya huo ukitumiwa kuhalalisha kuacha kava chini wiki nzima "kwa sababu bado tunairekebisha". Sheria haikuandikwa kwa maana hiyo.

Dalili: glavu ilivutwa kwanza

Hili halina mjadala mrefu. Glavu hufaa kwa kushika chuma chenye makali au cha moto, mashine ikiwa imesimama. Karibu na drili, mashine ya kukereza au shafti inayozunguka, glavu hushikwa na kuuvuta mkono mzima mahali ambapo kidole kitupu pengine kingechubuka tu. Pete, mikono mirefu ya ovaroli isiyofungwa na matambara ya kupangusia mafuta yamo katika kundi hilohilo. Pete ikinaswa inaweza kuvua ngozi yote ya kidole.

Dalili: kava ilikuwepo, lakini kidole kilipita

Kava zinazotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea huwa imara, ila mara nyingi hutengenezwa kwa wavu wowote uliopo. Ukubwa wa tundu na umbali kutoka kwenye hatari ni vitu vinavyokwenda pamoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13857 kinatoa vipimo hivyo, na vichache kati yake vinatosha kwa kazi nyingi. Uwazi mrefu wenye upana wa kati ya milimita 6 na 8 lazima ukae angalau milimita 20 kutoka kwenye sehemu ya hatari. Upana ukifika kati ya milimita 12 na 20, umbali uwe milimita 120 au zaidi. Ukizidi milimita 20 hadi 30, si kidole tena kinachopita bali mkono, na umbali unaotakiwa unaruka hadi milimita 850. Kwa hiyo wavu wenye nafasi kubwa uliofungwa karibu na mkanda haukingi. Unampa mtu imani tu. Chukua rula uipime kava uliyonayo kabla ya kuagiza nyingine.

Tazama pia pande ambazo hazionekani kwa mwendeshaji. Kava nyingi hufunika mbele na kuacha nyuma au chini wazi, kwa hoja kwamba hakuna anayefika huko. Anayepaka grisi na mfagiaji afikaye huko mwisho wa zamu wote wana vidole.

Dalili: kava hutolewa kila mara na hairudi

Ukikuta kava imeegemezwa ukutani ikiwa na vumbi la miezi, usianze na onyo la maandishi. Anza kwa kuitazama kava. Ina bolti ngapi, na spana yake iko wapi? Kava yenye bolti nane za saizi tatu tofauti, iliyo juu ya mahali panapoziba mara kadhaa kwa siku, haitarudi hata mkurugenzi akisimama pale. Atakayeifungua atakuwa analipwa kwa idadi ya bidhaa, au ni kibarua aliyepangwa foleni langoni alfajiri na anajua kwamba kesho anaweza asichaguliwe akionekana mzito.

Uliza kwanza kwa nini inafunguliwa. Ikiwa ni kwa ajili ya grisi, vuta paipu ndogo ya grisi kutoka kwenye beringi hadi nje ya kava, na sababu hiyo imekwisha. Ikiwa ni kuangalia mkanda, tumia wavu unaoonesha ndani au kata dirisha na ulifunike kwa plastiki ngumu inayopenya mwanga. Ikiwa ni kuondoa kinachokwama, chanzo halisi ni kule kukwama, na huko ndiko pesa ziende: unga wenye unyevu, mbao zenye misumari iliyosahaulika, kisu butu, roli zilizopinda. Kiwanda cha mikate ambacho unga hushika kwenye roli kila baada ya muda mfupi kina tatizo la roli na kikwanguo chake, na vidole vya wafanyakazi vinatumika kuliziba. Pale ambapo kufungua hakuepukiki, kava iwe ya bawaba na iwe na swichi inayoizima mashine kava inapoinuliwa. Baada ya hapo, kagua swichi hiyo kila wiki. Ukikuta imefungwa kwa utepe wa gundi, kwa waya au kwa sumaku, mtu anakuambia kwamba mashine inamkwamisha, na ujumbe huo usikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

Kisha kuna kava iliyotolewa na fundi mwenyewe na ikaachwa kwa sababu uzalishaji ulitakiwa uanze. Hili linazuilika kwa utaratibu mmoja: kufuli ya matengenezo haitoki kwenye aisoleta mpaka kava zote ziwe zimerudi, vifaa vimehesabiwa, na mtu mmoja mwenye jina ametia sahihi. Bolti zinazobaki zimeshikamana na kava hata zikifunguliwa husaidia sana, maana bolti iliyopotea ni kisingizio cha kwanza.

Dalili: tundu dogo kwenye kidole, lisilouma sana

Dalili hii naitaja peke yake kwa sababu hudharauliwa mpaka kidole kinapokuwa hakiokoleki. Paipu ya haidroliki yenye ufa mdogo, au bunduki ya grisi, inaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi kwa presha kubwa. Nje huonekana alama ndogo kama ya sindano, maumivu ni kidogo, na mtu hurudi kazini. Ndani, mafuta yanasambaa kwenye njia za mishipa ya kano na kuua nyama polepole. Jeraha hili ni la upasuaji wa haraka siku hiyohiyo, kila saa inahesabika, na aliyejeruhiwa aende na jina la mafuta yaliyoingia. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya presha, kwani tundu lenyewe halitamwonyesha. Uvujaji kwenye paipu utafutwe kwa kipande cha katoni, wala si kwa kupitisha kiganja.

Ikiwa jeraha limeshatokea

Mkono ukinaswa, kata umeme kwanza. Usiigeuze mashine irudi nyuma kwa mota, kwa sababu itaupitisha mkono mara ya pili. Legeza roli au mkanda, au uzungushe kwa mkono polepole huku mtu mmoja akimshikilia majeruhi. Bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi na uinue mkono. Vua pete mapema kabla ya uvimbe. Kidole kilichokatika kifungwe kwa shashi safi iliyoloweshwa kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Kisiguse barafu moja kwa moja, na kisiloweshwe ndani ya maji. Kidole kilichopozwa namna hiyo huweza kusubiri upasuaji kwa muda mrefu zaidi kuliko kilichoachwa kwenye joto, ila uamuzi kama kinarudishika ni wa daktari mpasuaji, kwa hiyo kipelekwe hata kikionekana kimeharibika. Majeruhi asile wala asinywe chochote njiani, na aulizwe chanjo ya pepopunda.

Mashine ibaki imefungwa kama ilivyokuwa. Piga picha za aisoleta, kava na mahali bolti zilipokuwa kabla mtu yeyote hajafagia, maana picha hizo ndizo zitakazoonyesha ni ipi kati ya dalili zilizotangulia iliyotokea.

Kisheria, mwajiri anatakiwa kumpelekea afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kifo hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, na kamati hiyo idai kuona taarifa yenyewe. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima, inamhusu hata mwanagenzi, na fidia yake haimtaki majeruhi athibitishe kosa la mwajiri. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na liende kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini wala lisianzie mahakamani. Mahakama ya Juu iliuthibitisha utaratibu huo mnamo Desemba 2019. Mfanyakazi aliyeambiwa "tutakusaidia, usiandike kitu" aandike siku hiyohiyo: saa, mashine, kazi aliyotumwa kufanya, jina la aliyemtuma, na kama aisoleta ilikuwa na mahali pa kutia kufuli.